Burke na Wills na Mbegu za Nardu

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  Ninyi mliosikiliza redioni, sasa someni polepole yale mliyoyasikia. Nawe uliyekosa kusikiliza, usihuzunike. Maneno yote yamo humu.

Siku moja nilikwenda kukagua darasa katika wilaya moja ya kusini. Nyuma kabisa aliketi bibi mmoja mzee, na kalamu yake ameishika kama mtu anayeshika mpini wa jembe. Nilimwuliza amekuja kutafuta nini. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mimi sijui kitu. Umri wangu wote nimekaa gizani."

Wenzake wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha nikamwuliza, "Bibi, ndiga huliwaje?"

Ndiga ni kiazi cha porini, na kina sumu. Mtu akikila ovyo huweza kufa. Bibi yule akaweka kalamu chini. Akaeleza mtambaa wake ulivyo, wenye miiba na majani matatu matatu. Akaeleza jinsi ya kumenya kiazi na kukikata vipande vyembamba, na jinsi ya kuviloweka vipande katika maji yapitayo kwa siku kadhaa, kisha kuvianika, kisha kuvipika. Akasema pia ni alama gani humwonya mtu kwamba sumu haijatoka bado. Alisema karibu nusu saa. Vijana wa darasa lile hawakucheka tena, bali wengine walikuwa wakiandika.

Nikamwambia, "Bibi, mahali hapo ulipokaa si gizani."

Leo nitawasimulia habari za mabwana waliojua kusoma na kuandika vizuri sana, tena wakafa kwa kukosa elimu ya namna ya bibi huyu. Habari hii ilitokea mbali, katika nchi ya Australia, lakini mafundisho yake yatatufikisha nyumbani.

1. Safari iliyokuwa na kila kitu

Australia ni nchi kubwa sana, imezungukwa na bahari pande zote. Iko mashariki ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1860 Waingereza walikuwa wamekwisha kujenga miji yao pwani, lakini sehemu za katikati hawakuzijua. Wenyeji walizijua, maana wazee wao wameishi katika nchi ile kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Wakubwa wa mji wa Melbourne, ulio upande wa kusini, walitaka kupeleka watu wavuke nchi nzima mpaka bahari ya kaskazini. Basi tarehe 20 Agosti, 1860, msafara uliondoka Melbourne mbele ya maelfu ya watu waliokuja kuuaga. Ulikuwa na watu 19, ngamia 26, farasi 23, na mizigo ya tani 20 hivi. Walichukua chakula cha kutosha miaka miwili. Walichukua hata meza na viti.

Mkuu wa msafara alikuwa Robert O'Hara Burke, mtu wa Ireland, afisa wa polisi. Alikuwa shujaa, lakini hakuwa na mazoea ya porini, na tena alikuwa mwepesi wa hasira. Aliyekuwa pamoja naye ni William John Wills, kijana wa miaka 26. Huyu alikuwa mpima ardhi. Aliweza kutazama nyota usiku akajua mahali alipo, na kila siku aliandika habari za safari katika daftari. Wa tatu ambaye ni lazima tumkumbuke ni John King, kijana aliyepata kuwa askari huko India. Kazi yake ilikuwa kuangalia ngamia.

Burke hakutaka kuchelewa. Alikwenda mbele na watu wachache, akaacha nyuma sehemu kubwa ya mizigo. Mwezi wa Novemba akafika Cooper Creek, mto ulio katikati ya nchi kavu. Mvua zikikosekana mto huu hubaki madimbwi tu, lakini madimbwi yenyewe yana samaki, kome na ndege wa majini. Hapo ndipo kwao Wayandruwandha, na hapo ndipo Burke alipojenga kambi.

Tarehe 16 Desemba, Burke, Wills, King na mtu wa nne, Charles Gray, walishika njia ya kaskazini. Wengine waliachwa kambini chini ya William Brahe, waliambiwa wangoje miezi mitatu.

2. Siku moja ya kuchelewa

Mwezi wa Februari, 1861, watu wale wanne walifika karibu na bahari ya kaskazini, katika Ghuba ya Carpentaria. Maji waliyoyaonja yalikuwa ya chumvi, lakini bahari yenyewe hawakuiona, kwa kuwa mikoko na matope yaliwazuia. Wakageuka kurudi.

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Mvua ziliwapiga, chakula kikapungua, wakachinja ngamia na farasi wakala nyama yake. Tarehe 17 Aprili Gray akafa. Wenzake walikuwa dhaifu hata wakatumia siku nzima kumzika.

Jioni ya tarehe 21 Aprili watatu waliobaki walifika kambini Cooper Creek. Walikuta kimya. Juu ya gome la mti kulikuwa kumechongwa neno la kuwaambia wachimbe. Wakachimba, wakakuta unga, mchele, sukari na nyama kavu, pamoja na barua. Wakasoma barua ile. Brahe alikuwa amengoja zaidi ya miezi minne. Alikuwa ameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Fikiri, ndugu msomaji. Walikosana kwa saa chache tu!

Burke akaona kuwa hawana nguvu za kumfuata Brahe. Akaamua wafuate mto, kisha wavuke jangwa waende kwenye mashamba ya Wazungu upande wa kusini magharibi. Waliandika barua yao wakaifukia shimoni, wakasawazisha udongo vizuri, ila juu ya mti hawakuweka alama mpya. Mwezi wa Mei Brahe alirudi kutazama. Aliona udongo kama alivyouacha, akaenda zake. Barua ilikuwa chini ya miguu yake.

3. Mikate ya wenyeji

Burke na wenzake hawakuweza kuvuka jangwa. Maji yaliwashinda, ngamia wa mwisho wakafa. Wakarudi mtoni.

Sasa sikilizeni vema. Watu hawa walikuwa wakifa njaa mahali ambapo watu wengine walikuwa wakiishi na kulea watoto. Wayandruwandha waliwapa wageni samaki, tena wakawapa mikate iliyotengenezwa kwa mbegu za nardu.

Nardu ni mmea mdogo wa mahali penye maji, una majani manne yaliyopangana kama msalaba. Maji yakikauka mmea hufa, na vitu vidogo vigumu, ukubwa wake kama dengu, hubaki juu ya matope makavu. Kwa kweli si mbegu kamili, lakini sisi tutaviita mbegu. Wanawake wa kule waliziokota, wakazisaga juu ya mawe.

Siku nyingi Wills na wenzake walikula mikate hiyo bila kujua mmea unaota wapi. Katikati ya mwezi wa Mei, King akauona uwandani. Wote watatu wakafurahi sana. Waliona kuwa sasa wamepata chakula chao wenyewe, wala hawahitaji kumtegemea mtu.

Hapo ndipo walipokosea.

Burke hakupenda kuwakaribia wenyeji. Aliogopa kwamba wataiba vitu, na pengine aliona haya kulishwa nao. Mtu mmoja alipochukua turubai, Burke alipiga bunduki juu ya kichwa chake. Siku nyingine watu walileta samaki, naye akazipiga nyavu mikononi mwao, samaki wakaanguka. Basi Wayandruwandha wakahama mahali pale. Walihama na ujuzi wao.

4. Kushiba na kukonda

Watatu wale wakaendelea kuokota nardu na kuitwanga. Kazi ilikuwa ngumu, na Juni ni wakati wa baridi katika nchi ile. Nguo zao zilikuwa zimechakaa. Kila siku walikula.

Wills akaandika katika daftari jambo la ajabu. Aliandika kwamba anaila nardu kwa hamu, tena anaipata ya kutosha, lakini mwili wake unazidi kukonda na miguu yake haina nguvu. Aliweza kuandika kila dalili ya ugonjwa wake, ila sababu yake hakuijua.

Mwisho wa mwezi wa Juni Wills alikuwa hawezi kusimama. Aliwaambia wenzake wamwache, waende kuwatafuta wenyeji, maana sasa walikuwa wametambua kwamba tumaini lao ni hao hao. Walimwekea chakula na maji, wakaenda. Burke akaanguka njiani, akafa baada ya siku chache. King alirudi kumtazama Wills, akakuta naye amekufa.

King akabaki peke yake.

5. Mtu aliyekwenda kuuliza

King hakuwa mkuu wa msafara wala mpima nyota. Alifuata nyayo za Wayandruwandha mpaka akawapata. Wakampa samaki na nardu, wakamwonyesha mahali pa kulala. Yeye naye alipiga kunguru kwa bunduki, akawapa.

Palikuwa na mwanamke mmoja mwenye kidonda mkononi. King alichemsha maji, akakiosha kidonda kile, akakitia dawa kidogo aliyokuwa nayo. Tangu siku ile mwanamke yule na mumewe walimletea nardu, wakamtunza kama mtu wa kwao.

Watu walitaka kujua wenzake wako wapi. Alipowapeleka mahali alipolala Burke, walilia wote, wakaufunika mwili kwa matawi. Huyu ndiye mtu aliyewapigia bunduki; hata hivyo walimlilia.

Tarehe 15 Septemba, 1861, watu waliotumwa chini ya Alfred Howitt kutafuta msafara uliopotea walifika Cooper Creek. Katikati ya wenyeji wakaona mtu aliyekonda, ameungua kwa jua, amevaa matambara. Alikuwa John King. Yeye peke yake, katika wanne waliokwenda kaskazini, alirudi nyumbani. Afya yake haikupata kuwa njema tena. Alikufa mwaka 1872.

Burke na Wills walizikwa kwa heshima kubwa mjini Melbourne mwaka 1863, na mwaka 1865 wakasimamishiwa sanamu. Wayandruwandha walipewa sahani za shaba za kuvaa kifuani, ziwe alama ya shukrani. Lakini haukupita muda mrefu, ng'ombe na kondoo wa walowezi wakaingia katika nchi yao, na watu wengi wakafa kwa maradhi mageni na kwa kuuawa. Walipita miaka zaidi ya 150 tangu King alipookolewa, ndipo mwaka 2015 mahakama ya Australia ilipotambua haki yao juu ya nchi ile.

6. Kwa nini nardu iliwalisha hawa na kuwadhoofisha wale?

Zamani zile hakuna daktari aliyeweza kujibu. Neno vitamini lenyewe lilianza kutumika mwaka 1912. Siku hizi tunafahamu kwamba nardu ina kitu kinachoharibu vitamini B1. Mwili usipopata vitamini hiyo, miguu hulegea, moyo huchoka, na mtu huweza kufa ingawa tumbo limejaa. Ugonjwa huo huitwa beriberi. Mwaka 1994 wataalamu wawili walieleza kwamba huenda ndio uliowaua Burke na Wills. Hatuwezi kusema ni huo peke yake, maana walikuwa pia na baridi, uchovu na ukosefu wa nyama na mboga.

Je, wanawake wa Cooper Creek walifanyaje? Walichoma mbegu kwanza, wakaondoa maganda, wakasaga huku wakitia maji mengi, kisha wakaoka mikate katika majivu ya moto. Tena hawakula nardu peke yake siku zote. Walikula na samaki, kome, ndege na majani. Hawakujua jina la vitamini B1. Walijua kazi. Mama alimfundisha binti, na binti alipokuwa mama akamfundisha wake.

Wageni waliona chakula wakadhani wameona elimu. Walichukua mbegu wakaacha mapishi. Hatua walizoziruka ndizo zilizokuwa dawa.

7. Na sisi je?

Usiseme kwamba haya ni mambo ya Australia. Bibi wa ndiga angewaambia mabwana wale jambo lile lile: chakula cha porini hakiishii kuchumwa, huishia jikoni.

Wala si chakula cha porini tu. Mhogo tunaulima wenyewe, lakini mhogo mchungu una sumu, nasi twajua kuuloweka, kuuvundika na kuuanika. Mwaka 1985 ukame ulikuja katika Wilaya ya Tarime. Njaa iliwabana watu, hawakungoja siku zote za kuutengeneza mhogo. Watu wengine walipooza miguu ghafula, na ugonjwa huo, uitwao konzo, haurudishi miguu ilivyokuwa. Watu wale hawakuwa wajinga. Ujuzi walikuwa nao, ila njaa iliwanyima siku za kuutumia. Kwa hiyo tusiseme tu, "Wazee walikula, nasi tutakula." Tuseme, "Wazee walifanya hatua ngapi, na kila hatua ilichukua siku ngapi?"

Sasa nataka kusema na wewe unayejifunza kusoma. Pengine mtoto wako anasoma shule, nawe huona haya mbele yake. Pengine ukitaja mgagani, mnavu, mlenda wa porini au ming'oko, watu husema hicho ni chakula cha maskini. Usiwasikilize. Lakini pia usirudi nyumbani ukasema, "Mwalimu amesema kusoma hakuna faida." Sikusema hivyo, wala siwezi kusema hivyo. Daftari la Wills ndilo linalotuwezesha leo kujua dalili zake, na ndilo lililowasaidia wataalamu kufahamu ugonjwa. Na barua iliyofukiwa shimoni pasipo alama juu haikumfaa mtu.

Kichwa cha bibi yetu ni barua ya namna hiyo. Maneno yamo, ni ya kweli, yaweza kuokoa watu. Lakini akifariki yamefukiwa pamoja naye. Mwenye kuweza kuweka alama juu ya mti ni wewe, kwa kalamu hiyo uliyoanza kuishika.

Basi kazi yenu ya juma hili ni hii. Mwende kwa mzee mmoja, mume au mke. Mwulizeni habari za chakula kimoja cha porini. Andikeni jina lake, mahali kinapoota, wakati wake, mmea gani wa hatari hufanana nacho, na hatua zote za kukitengeneza, moja baada ya moja. Kisha mpelekeeni mzee wa pili, mwone kama maneno yao yanapatana. Yasipopatana, msile. Na mmea wowote msioujua, msiuonje kwa kujaribu.

Nilipoondoka katika darasa lile la kusini, bibi alikuwa ameishika tena kalamu. Kijana aliyeketi karibu naye alikuwa akimwonyesha herufi ya N. Naye bibi akamwambia, "Ngoja kwanza, hukuandika siku za kuloweka."

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.

Maswali

1. Msafara wa Burke uliondoka Melbourne mwaka gani, na ulikuwa na watu wangapi?
2. Kwa nini Brahe hakujua kwamba Burke alikuwa amerudi kambini?
3. Wanawake wa Cooper Creek walifuata hatua gani katika kutengeneza nardu?
4. King alifanya nini ambalo Burke hakulifanya?
5. Zungumzeni darasani: Katika kijiji chenu, ni chakula gani cha porini ambacho vijana hawajui tena kukitengeneza?